Ukijenga nyumba ya kupangisha uani, thamani ya nyumba yako inapanda?

Kaa nusu saa kwenye kijiwe cha madalali, iwe Goba, Kinyerezi au Mbagala jijini Dar es Salaam, na ushauri huu hautakukosa: "Bosi, hapo nyuma pana nafasi. Piga nyumba mbili ndogo za choo ndani, bei inapanda hapohapo." Dalali anausema kwa uhakika wa mtu ambaye halipii tofali hata moja. Ukivuka mtaa wa pili utamkuta mwenye nyumba aliyeufuata ushauri huohuo, na habari yake ni nyingine: mnunuzi alikuja, akazunguka uani mara mbili, akauliza kuvibomoa vile vyumba kutagharimu kiasi gani, kisha akaitoa gharama hiyo kwenye bei aliyokuwa tayari kulipa.

Dalali hadanganyi, na mwenye nyumba naye hadanganyi. Shida ni kwamba kila mmoja anasema "thamani" huku akiwa na kitu chake kichwani.

Tuyapange maneno kwanza. Gharama ni hela iliyokutoka mfukoni: saruji, nondo, bati, fundi, chakula cha fundi. Bei ni kiasi ambacho mtu fulani alimlipa mtu fulani siku fulani, na siku hiyo huenda muuzaji alikuwa na mgonjwa hospitalini, kwa hiyo akakubali chochote. Thamani ya soko ni makadirio ya kile ambacho mnunuzi na muuzaji wangekubaliana kama wote wawili hawana haraka, hawalazimishwi, na nyumba imetangazwa muda wa kutosha. Benki huongeza ya nne, thamani ya mauzo ya lazima, ambayo huwa chini ya thamani ya soko kwa sababu inakadiria mnada, siyo maongezi ya amani. Hela anayolipa mpangaji nitaiita pango, na neno kodi nitawaachia TRA, yaani mamlaka ya mapato, tusije tukachanganyana huko mbele.

Ninaposema nyumba ya kupangisha uani namaanisha sehemu inayojitegemea: ina mlango wake, choo chake na mahali pa kupikia, na anayeishi humo hapiti sebuleni kwako. Wakenya wana SQ, kifupi cha "servant quarters". Dar es Salaam wengi husema banda la uani, mpaka siku ya kutafuta mpangaji, hapo linageuka ghafla kuwa "apatimenti ndogo".

Jambo lenyewe si geni. Nyumba za Kiswahili za Ilala, Magomeni na Kariakoo, zile zenye korido katikati na vyumba huku na huku, zilikuwa zikipangishwa chumba kimoja kimoja, na uani kuna jiko, bafu na choo cha wote. Kilichobadilika ni mpangaji. Siku hizi hataki foleni ya bafu, anataka choo chake na mita yake ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ndiyo maana pesa inayohitajika kujenga uani imekuwa kubwa, na swali la kama inarudi limekuwa la maana.

Mthamini, yaani mtu aliyesajiliwa kwa kazi hiyo chini ya Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, ana njia kuu tatu za kulijibu. Kuna kulinganisha, kuna kuangalia mapato, na kuna kuangalia gharama. Mkanganyiko mwingi unazaliwa hapa, kwa sababu njia hizi tatu zinaweza kuipa nyumba hiyohiyo majibu matatu.

Kulinganisha ndiyo njia ya wazi kuliko zote. Unatafuta nyumba zilizouzwa karibuni mtaani hapo, zenye ukubwa na hali inayofanana, nyingine zina nyumba ndogo uani na nyingine hazina, halafu unaangalia tofauti ya bei. Tatizo ni kwamba bei ambazo watu wamelipana kweli ni nadra kuwekwa wazi kwetu. Bei ya kwenye tangazo ni matamanio ya muuzaji, na bei ya kwenye mkataba wakati mwingine imepunguzwa kwa sababu ambazo wenyewe wanazijua. Mthamini mzuri ana daftari lake, ana madalali anaowaamini, na bado anabaki na mifano michache.

Mifano ikikosekana, ndipo njia ya gharama inapoingia, na hapa naomba tukae kidogo. Mthamini anapima ukubwa wa jengo kwa mita za mraba, anazidisha kwa gharama ya kujenga mita moja leo, anatoa uchakavu, anaongeza thamani ya kiwanja. Ukijenga banda, mita za mraba zimeongezeka. Kwa njia hii jibu karibu kila mara litakuwa kwamba nyumba imepanda. Mwenye nyumba anaipokea ripoti, anaona namba iliyonona, anaipiga picha na kuituma kwenye kundi la familia. Lakini ripoti hiyo imejibu swali la "kulijenga jengo hili upya kutagharimu kiasi gani?" Mnunuzi hakuulizwa. Siku nyumba inapoingia sokoni na kukaa miezi minane bila mtu kufika hata karibu na ile namba, lawama anapewa dalali.

Njia ya mapato ndiyo inayokaribia akili ya mnunuzi mfanyabiashara. Chukua mfano wenye namba za kufundishia, siyo bei za mtaa wowote. Nyumba ya vyumba vitatu ina thamani ya shilingi milioni 90. Mwenyewe anajenga uani nyumba mbili ndogo, kila moja ina chumba, sebule, jiko na choo ndani. Pamoja na karo jipya (shimo la majitaka) na kuvuta umeme zinakula milioni 24. Kila moja inapangishwa kwa 150,000 kwa mwezi.

Hesabu ya kijiweni ni hii: 300,000 mara miezi 12 ni 3,600,000. Gawanya, milioni 24 zimerudi kabla ya miaka 7 kwisha. Safi kabisa, isipokuwa kwamba hakuna mwenye nyumba anayeishi kwenye hesabu hiyo. Mpangaji anahama na nyumba inakaa tupu wiki kadhaa; weka mwezi mmoja kwa kila nyumba, 300,000 zimeondoka. Kodi ya pango kwa mwenye nyumba ambaye ni mkazi wa nchini ni asilimia 10 ya pango, na mzigo ni wa mwenye nyumba hata pale mpangaji anapotakiwa kuizuia na kuipeleka TRA. Hiyo ni 330,000 nyingine. Rangi kila anapoingia mpangaji mpya, koki inayovuja, gari la majitaka, kitasa: weka 370,000 kwa mwaka na usishangae zikizidi. Inabaki 2,600,000. Sasa milioni 24 zinarudi baada ya miaka 9 na ushee, kabla hujafikiria kwamba shilingi ya mwaka wa tisa haitanunua kile inachonunua leo.

Mnunuzi anayafanya nini mapato hayo ya 2,600,000? Anajiuliza anataka pesa yake izae asilimia ngapi kwa mwaka. Akiridhika na asilimia 8, nyumba hizo mbili kwake zina thamani ya milioni 32.5. Akitaka asilimia 10, ni milioni 26. Akitaka asilimia 13, ni milioni 20. Tofali ni zilezile, wapangaji ni walewale, na wewe ulitumia milioni 24. Kwa mnunuzi wa kwanza umepata faida, kwa wa pili umerudisha pesa na nauli, kwa wa tatu umepata hasara.

Kwa nini mtu atake asilimia 13? Kwa sababu hati fungani za serikali za muda mrefu, yaani pesa unayoikopesha serikali kwa riba, kwa miaka mingi zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 12, na hati fungani haikupigii simu saa nne usiku kukwambia choo kimeziba. Na kwa nini mwingine aridhike na 8? Kwa sababu pango hupanda na kiwanja hupanda, wakati riba ya hati fungani uliyoinunua inabaki pale ilipoandikwa. Wanunuzi wa nyumba Dar wengi wako kundi hili la pili. Wanavumilia pato dogo leo kwa matumaini ya ardhi kesho, na mara nyingi matumaini hayo hayajawaangusha. Lakini hapo kinachowapa moyo ni ardhi, banda linapanda kwa mgongo wake tu.

Kuna kosa jingine la hesabu ambalo hata watu makini hulifanya. Wanachukua milioni 90 za nyumba kubwa, wanajumlisha 26 za uani, wanasema nyumba ina thamani ya milioni 116. Wanasahau kwamba nyumba kubwa yenyewe si ileile tena. Uani ambako watoto walikuwa wanacheza na gari la pili lilikuwa linalala pamekwisha. Kamba ya nguo imehamia mbele. Dirisha la chumba cha mama linatazamana na dirisha la mpangaji. Kama mabadiliko hayo yameishusha nyumba kubwa hadi milioni 84, ongezeko halisi ni milioni 20, na ulitumia 24. Ni sawa na gari la familia lililofungwa viti vya daladala: anayetafuta biashara atalisifia, anayetafuta gari la kupeleka watoto shule atakuuliza vile viti vya mwanzo umeviweka wapi.

Kwa hiyo kabla ya kumuuliza fundi bei ya tofali, jiulize mnunuzi wa mtaa wako ni nani. Sinza, Changanyikeni na maeneo mengine yanayozunguka vyuo, anayekuja kununua mara nyingi anahesabu vyumba kabla hajasalimia. Kwake nyumba ya wapangaji ndiyo nyumba yenyewe. Kando ya barabara ya Morogoro, tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016 kutoka Kimara kwenda Kivukoni, mtu wa kazi ya mjini anaangalia umbali wa kutembea mpaka kituoni, na nyumba ndogo ya uani iliyo karibu na kituo haikai tupu. Mbezi Beach au Oysterbay hali ni nyingine. Anayenunua huko analipia bustani, ukimya na geti moja. Banda dogo la mlinzi au dada wa kazi linakubalika, tena linategemewa, lakini familia tatu za wapangaji nyuma ya nyumba zitamfanya aondoke kabla hajafika jikoni.

Mfuate mthamini siku anapokuja, utaona anatazama vitu ambavyo fundi hakukutajia. Anaanza na bikoni, yale mawe ya mpaka, akitafuta kiwanja kinaishia wapi. Anapita ubavuni mwa nyumba kubwa, anapima upana wa njia ya mpangaji, anaona kwamba mtu mwenye godoro begani atapita kwa shida. Anafika nyuma, anapima umbali kati ya ukuta wa banda na uzio wa jirani, anakuta mkono hauingii ukanyooka, anaandika. Anafunua mfuniko wa chemba. Anauliza: karo ni moja au mawili? Likiwa moja lililochimbwa kwa ajili ya watu watano na sasa linahudumia kumi na mmoja, anaandika tena. Anapiga picha mita za LUKU, anahesabu ngapi. Anamuuliza mpangaji analipa kiasi gani, na jibu la mpangaji mara nyingi ni dogo kuliko alilotoa mwenye nyumba. Mwishoni anauliza kitu ambacho humfanya mwenye nyumba aangalie pembeni: kibali cha ujenzi kiko wapi?

Hapo ndipo thamani nyingi za uani zinapokufia. Nyumba kubwa ilijengwa kwa kibali cha halmashauri na ramani iliyogongwa muhuri, ila banda lilijengwa Desemba moja bonasi ilipoingia. Benki ikiona ramani ina jengo moja na kiwanja kina majengo mawili, mthamini wake anaweza kulitaja banda bila kulihesabu, au kukata thamani yake kwa hatari ya kubomolewa. Na ukienda mbali zaidi ukatoboa ukuta wa mbele ukaweka fremu za maduka, umetoka kwenye makazi na kuingia biashara. Hati yako inataja matumizi ya ardhi, na kuyabadilisha kuna utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Fremu zinaleta pango zuri kuliko vyumba, hilo halina ubishi, lakini fremu zisizo na karatasi ni hoja ambayo mnunuzi mjanja ataitumia dhidi yako mezani.

Vipi kwa walio kwenye maeneo yasiyopimwa, ambao ni wengi mno jijini? Huko nyumba huuzwa kwa mkataba ulioshuhudiwa serikali ya mtaa, na mnunuzi ni lazima awe na pesa taslimu kwa sababu benki nyingi hazigusi. Soko likishakuwa la wenye taslimu tu, bei inashuka, hata ujenge mabanda manne. Msimamo wangu hapa hauna kona: ukiwa na milioni 24 na kiwanja hakijapimwa wala hakina hati, anza na upimaji na hati, kisha ujenge kwa kinachobaki. Karatasi hiyo inaifungulia nyumba yako kundi la wanunuzi ambalo banda haliwezi kulileta.

Upo pia upande ambao madalali hawausemi kwa sababu unawaharibia biashara. Kuna mitaa ambayo thamani ya kiwanja imelimeza jengo. Kariakoo ndiyo mfano mkubwa: nyumba za Kiswahili ziliuzwa kwa mamilioni, mnunuzi akaleta tingatinga, ghorofa likasimama. Hakuna aliyeuliza nyumba ina vyumba vingapi vya uani wala wapangaji wanalipa nini. Alilipia mita za mraba za ardhi na ukaribu wa maduka. Kama mtaa wako unaanza kuota maghorofa kwenye viwanja vya jirani, kuna uwezekano mkubwa kwamba mnunuzi wako naye atavunja kila kitu. Nyumba ndogo za uani zinaweza kukulisha vizuri wakati unasubiri, na hiyo ni sababu tosha ya kuzijenga, ila usizihesabu kwenye bei ya kuuzia.

Nairobi walishalipitia hili kwa sura nyingine. Mtaa wa Umoja ulijengwa miaka ya 1970 kwa nyumba za chini za wenye kipato cha kawaida. Wenye nyumba wakaongeza vyumba, kisha ghorofa, mpaka mtaa ukawa wa maflati ya kupangisha. Buruburu nako nyongeza za uani zimejaa. Aliyeongeza mapema alivuna pango kabla wapangishaji hawajawa wengi. Waliofuata walikuta maji na majitaka yameelemewa na ushindani umejaa. Mtu akikuonyesha jirani aliyefanikiwa, muulize alijenga lini na wakati huo mtaani kulikuwa na wangapi kama yeye.

Sasa uvumi kidogo, maana ni mwingi.

Uvumi wa kwanza: ukijenga uani kodi ya majengo itapanda kwa sababu thamani imepanda. Hapana. Kodi ya majengo Tanzania Bara kwa nyumba ya kawaida ni kiwango maalumu, haifuati thamani. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500, sawa na 18,000 kwa mwaka. Ghorofa lina kiwango chake kikubwa zaidi. Kinachowauma watu ni mita. Ukimfungia mpangaji mita mpya, nayo inaweza kuanza kukatwa kodi, na mpangaji atakuja na meseji ya LUKU mkononi akidai umempa mzigo wako. Kodi hiyo ni ya mmiliki. Nenda na namba za mita zako kwa mamlaka inayosimamia kodi hiyo, eleza ni za jengo gani, wakurekebishie. Wengine hufunga mita ndogo za ndani kukwepa usumbufu, kisha kila mwisho wa mwezi ni ugomvi wa nani kachemsha maharage kwa jiko la umeme.

Uvumi wa pili: nyumba iliyojaa wapangaji inauzika haraka. Inategemea tena. Mwekezaji atafurahi. Anayetaka kuhamia na familia yake atakuta watu waliolipa pango la miezi 6 mbele, na hawatoki kwa sababu tu nyumba imepata mmiliki mpya. Wamelipa kihalali, na aliyenunua amenunua pamoja na mikataba yao. Wanunuzi wengi husema wazi: nitalipa siku nyumba ikiwa tupu. Muuzaji hapo anarudisha sehemu ya pango kwa wapangaji ili watoke, pesa ambayo ameshaila.

Uvumi wa tatu, na huu ni hatari zaidi: ukikwama unaweza kuuza ile nyumba ndogo ya nyuma peke yake ubaki na kubwa. Kiwanja ni kimoja na hati ni moja. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inaruhusu watu kumiliki sehemu tofauti za jengo, kila mtu na hati yake, lakini lazima kuwe na ramani ya sehemu hizo iliyosajiliwa na utaratibu wa kusimamia maeneo ya pamoja. Njia nyingine ni kukigawa kiwanja, na mamlaka za mipango zina ukubwa wa chini wa kiwanja ambao wengi wetu hatuufikii. Anayenunua "kile cha nyuma" kwa karatasi iliyosainiwa chini ya mwembe hajanunua nyumba, na watoto wako ndio watakaoirithi kesi.

Nikitaja watoto, nyumba nyingi hazitauzwa kabisa. Zitabaki za familia, na kwa hizo swali la bei ni la mezani tu. Mzazi mstaafu anayepata 300,000 kila mwezi kutoka uani ana jibu lake tayari, hata kama mthamini angesema banda halijaongeza kitu.

Lakini kuna siku moja ambayo hata asiyeuza atahesabiwa thamani: siku ardhi yake inapotwaliwa kwa barabara, reli au mradi mwingine wa umma. Fidia chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni zake za 2001 huhesabu ardhi na majengo, na juu yake kuna posho, mojawapo ni ya makazi, inayokokotolewa kwa pango la soko la mwezi mara miezi 36. Hapo jengo la uani lililojengwa kihalali linahesabiwa. Lililoingia kwenye hifadhi ya barabara kwa kukosea mpaka, au lililopandishwa harakaharaka baada ya wathamini kupita na kupiga picha, halihesabiwi. Kila mradi unapotangazwa kuna watu wanaonunua tofali usiku, na kila mara wanashangaa.

Na kama unajua kabisa kwamba ipo siku utauza, tunza risiti. Mkazi anayeuza nyumba kwa kawaida hutozwa kodi ya asilimia 10 ya faida, na faida hiyo ni bei ya kuuzia ukiondoa ulichotumia kupata na kuiboresha mali, isipokuwa kwa nafuu iliyowekwa kwa baadhi ya nyumba za kuishi. Milioni 24 za banda ni maboresho. Ukiwa na risiti, zinapunguza faida inayotozwa kodi. Ukiwa umemlipa fundi kwa M-Pesa bila maelezo na saruji umeichukua kwa mtu asiyetoa risiti ya EFD (ile mashine ya kodi), utakuwa na kazi ya kumshawishi ofisa wa kodi kwamba hilo banda halikuota lenyewe. Weka bahasha moja, andika juu yake namba ya kiwanja, na kila karatasi ya ujenzi iingie humo, kuanzia ya kibali mpaka ya mfuniko wa chemba.